Dirisha la Mfupa

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. "Mzee, umewahi kuumia kichwani? Ajali, kuanguka, kupigwa na kitu?"

"Hapana," mjomba akajibu.

Alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa kama ana deni dukani. Daktari akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei mapajani, na muda wa kufungua mdomo ulikuwepo. Sikuufungua. Nilitazama bango la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, nikalisoma lote mpaka namba ya simu iliyo chini kabisa.

Ilikuwa Machi 2023, kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Mjomba alikuwa amesafiri kutwa nzima kutoka Soni, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Nasema limeshuka kwa maana ya kushuka kweli: lilikaa chini kuliko la kulia, tena limesogea upande wa sikio, kama picha ukutani ambayo msumari wake mmoja umelegea. Kwenye basi, aliniambia, mtoto aliyekaa kiti cha mbele alimgeukia akamtazama kuanzia Mombo mpaka Segera.

Mjomba ni fundi cherehani. Soni ni mji mdogo kwenye barabara ya milima inayopanda kwenda Lushoto, na kibanda chake kipo karibu na stendi, mahali ambapo abiria akichanika suruali anaweza kushonewa kabla basi halijaondoka. Ugonjwa wake ulijitambulisha kupitia sindano. Mwishoni mwa 2021 alianza kuona matundu mawili kwenye sindano moja. "Nachomeka uzi kwenye tundu ambalo halipo," alinitania kwenye simu. Akazoea kufumba jicho moja kila anapotunga uzi. Baadaye akawa anafumba hata anapokata kitambaa. Kisha wateja wakaanza kumuuliza amegombana na nani, maana juu ya kona ya ndani ya jicho kulikuwa na kinundu laini kilichokuwa kinanyanyua nyusi. Hakikuuma. Ukikibonyeza kilibonyea kidogo kikarudi.

Kitu kisichouma kina hatari yake: kila mtu hupata nafasi ya kukieleza. Majirani walisema husuda, kwa sababu mwaka ule alikuwa ameongeza cherehani ya tatu, ile ya kudarizi kingo ambayo mafundi wanaiita ovaloku. Shangazi mmoja alimletea kombe kwenye chupa ya maji, akalinywa kwa heshima. Kwenye hospitali ya kwanza alipigwa eksirei ya uso, akaambiwa ni sainasi, akapewa vidonge vya siku saba. Alimaliza dozi tatu za namna hiyo katika mwaka mmoja. Jicho likaendelea kushuka.

Neno "sainasi" tumelizoea kama jina la ugonjwa. Mtu akipata mafua yasiyoisha husema ana sainasi. Lakini sainasi ni mahali, na kila mtu anapo: vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, kwenye mashavu, katikati ya macho, nyuma kabisa ya pua, na juu ya nyusi ndani ya paji la uso. Vile vya paji hatuzaliwi navyo. Huchimbika taratibu utotoni na kukomaa baada ya balehe, na umbo lake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kiasi kwamba mwili usiojulikana huweza kutambuliwa kwa kulinganisha picha ya vyumba hivyo na eksirei aliyowahi kupigwa marehemu. Kuta zake zimetandikwa ngozi laini inayotoa ute, na juu ya ngozi hiyo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma ute huo mchana na usiku kuelekea kwenye mlango mwembamba, ukashukie puani. Tunaumeza bila kujua.

Mlango ukiziba, chumba hakiambiwi. Ngozi inaendelea kutoa ute kama kawaida. Ute unajaa, unakosa pa kwenda, na ile ngozi ya ukutani inageuka kuwa mfuko uliofungwa pande zote. Madaktari wanauita mukoseli. Daktari wetu alimwelezea mjomba hivyohivyo, kwa upole, kabla hata ya vipimo, akisema ndicho anachokishuku lakini hawezi kuapa.

"Ni kama mfuko wa shati ulioshonwa mdomo," mjomba akasema.

"Hasa, mzee. Halafu kuna mtu ndani anaendelea kutia pesa."

Tulicheka wote watatu. Ndipo akauliza lile swali la kuumia, na mjomba akasema hapana.

*

Skani ya CT ilifanyika siku mbili baadaye. Chumba kilikuwa cha baridi. Mjomba alivua kofia yake ya kufuma, saa, na kidani cha chuma ambacho sikujua anakivaa. Mashine ni pete kubwa nyeupe, unene wa tairi la trekta, na kitanda chembamba kinachopita katikati yake. Mtaalamu wa mionzi alimwambia atulie, asimeze mate, kisha akatoka akafunga mlango. Nilisimama kwenye korido nikisoma maandishi ya onyo juu ya taa nyekundu. Taa ikawaka, ikazima. Mjomba akatoka anavaa kofia.

"Wamemaliza? Mbona hata shati halipimwi haraka hivi."

Usiku ule nilisoma kuhusu mashine ile, kwa sababu kusoma ndiyo njia yangu ya kukwepa kufikiri. Nikagundua kwamba CT haipigi picha kwa maana tunayoijua. Eksirei ya kawaida hupitisha mwale na kuchukua kivuli, na vivuli vya vitu vyote hulaliana: pua juu ya kisogo, paji juu ya ubongo, kama nguo zilizokunjwa na kurundikwa. Ndiyo maana ile eksirei ya kwanza ilionyesha wingu jeupe tu juu ya jicho, na wingu linaweza kuwa jambo lolote. CT hupitisha mwale kutoka kila upande, kisha kompyuta huhesabu kila chembe ya kichwa imezuia mwale kiasi gani. Picha tunayoiona ni hesabu iliyopakwa rangi ya kijivu.

Watu wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo mwaka 1979. Mmoja ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuifikiria hesabu yake mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliandika makala mbili, 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Mwingine ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza, ambaye mashine yake ilipima mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Picha ilikuwa na miraba 80 kwa 80, michache kuliko ya picha ndogo kabisa kwenye simu zetu, lakini ilitosha. Ilionyesha duara jeusi nyuma ya paji la uso. Kifuko cha majimaji.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Kichwa cha kwanza kuonwa na mashine hii kilikuwa na kifuko mbele, karibu na pale kilipokuwa cha mjomba, upande wa pili wa mfupa.

Jina la Hounsfield limebaki kwenye kipimo chenyewe. Maji ni 0. Hewa ni hasi 1000. Mafuta ya mwili yapo karibu na hasi 100, na mfupa mgumu hupanda mamia mengi hadi kupita 1000. Ute wa kawaida upo juu kidogo ya maji, na kadiri unavyokauka ndivyo namba yake inavyopanda. Chumba cha hewa kilicho salama huonekana cheusi tii. Cha mjomba hakikuwa cheusi.

*

Daktari aligeuza kompyuta ili nasi tuone. Alikuwa wa umri wangu hivi, na kila alipomwita mjomba "mzee" alitanguliza shikamoo hata kama walikwisha salimiana. Alituonyesha upande wa kulia kwanza: paji la kulia, chumba kidogo cheusi chenye kingo kama ua. Kisha wa kushoto. Chumba kilikuwa kimejaa kitu cha kijivu, sawasawa kote, kimetuna kama mkate uliokolea hamira. Sakafu ya chumba ndiyo dari ya jicho, na dari hiyo ilikuwa imebonyea chini. Jicho halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa limesukumwa na mpangaji wa juu.

"Sasa tazameni mfupa," alisema. "Kitu chenye haraka hutafuna mfupa. Saratani mara nyingi huacha kingo zilizong'atwang'atwa. Kitu cha polepole husukuma, na mfupa unampisha. Unapinda, unakuwa mwembamba, hapa umekuwa kama ganda la yai. Si sheria ya kila siku, lakini hiki, mzee, kimekaa humu miaka."

Miaka. Mjomba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani.

Halafu daktari alibofya kitu, na picha yote ikabadilika. Ubongo ukatoweka, kijivu kikafifia, mifupa ikabaki na mistari yake myembamba kama iliyochorwa kwa penseli kali. Nikauliza amefanya nini. Akasema amebadili dirisha. Kompyuta ina namba maelfu kwa kila picha, na jicho la binadamu haliwezi kutenganisha rangi za kijivu nyingi kiasi hicho; kwa hiyo daktari huchagua ni sehemu gani ya namba aione vizuri, na nyingine aziache zizame. Kuna dirisha la nyama laini, kuna dirisha la mfupa. Skani ni ileile. Kinachoonekana kinategemea umefungua dirisha lipi.

Kwenye dirisha la mfupa, ukuta wa mbele wa paji la kushoto ulikuwa na kipandio. Mstari ulioshuka kutoka chini ya nyusi kuelekea kwenye mzizi wa pua, pale hasa mlango wa chumba unapopita. Pande mbili za mfupa zilikuwa zimeungana, lakini hazikukutana sawa, kama mshono ambao upande mmoja umevutwa.

"Huu mfupa ulivunjika," daktari alisema. "Zamani. Ukaunga wenyewe. Mzee, una hakika hujawahi kuanguka?"

Mjomba alivuta kofia kidogo upande wa kushoto. "Labda utotoni," akasema. "Watoto huanguka."

Alikuwa amekaa umbali wa goti langu. Hakunitazama, na nilishukuru kwamba hakunitazama.

*

Januari 2009 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko Korogwe. Baba alikwisha fariki, kwa hiyo aliyenipeleka kwenye basi ni mjomba, kwa baiskeli, kutoka kijijini kwetu juu mpaka stendi ya Soni. Tulikuwa na kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu: tranka, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, jembe lisilo na mpini, rimu ya karatasi, ndoo. Tranka lilifungwa kwenye keria, godoro juu yake, mimi nyuma ya godoro kwa namna ambayo leo siwezi kuielezea, na ndoo mkononi. Mashati mawili meupe ndani ya tranka alikuwa amenishonea yeye usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tulichelewa. Kwenye mteremko wa mwisho tulisikia honi ya basi. Mjomba alikuwa anashika breki. Mimi ndiye niliyesema, "Mjomba, achia, litaniacha."

Akaachia. Kwenye kona ndoo ilinichomoka, nikageuka kuidaka, na uzito wote ukageuka pamoja nami. Nakumbuka sauti ya tranka. Niliangukia godoro. Yeye aliangukia ukingo wa kalvati, kwa paji la uso.

Alinyanyuka kabla yangu. Damu ilikuwa inashuka juu ya jicho, akaizuia kwa leso, akanikung'uta vumbi kwa mkono mwingine, na kwa leso hiyohiyo, ilipobidi, akalipungia basi. Kondakta alishangaa lakini basi ni basi. Nilipanda. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona amekaa juu ya ukingo uleule wa kalvati, ameinamisha kichwa, baiskeli imelala miguuni pake. Baada ya wiki tatu nilipata barua kwa mkono wa mwanafunzi mwingine: nyuzi saba zahanati, kidonda kimepona, soma.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilisoma. Kovu lilijificha ndani ya nyusi, na kila likizo tulipokutana hakuna aliyelitaja. Mlango wa chumba kile ukawa umefungwa kuanzia mwezi ule au baadaye kidogo, na ute ukaanza kujaa, tone kwa tone, nikiwa kidato cha kwanza, cha nne, cha sita, chuoni, nikiwa napokea mshahara wangu wa kwanza. Ukitaka kujua miaka kumi na minne ina ukubwa gani, mimi nimeiona. Ni ya kijivu, inatosha kiganjani mwa mtoto.

*

Ripoti ilikuja na jambo la pili ambalo lilitukosesha usingizi kuliko la kwanza. Chini kabisa iliandikwa kwamba katika sainasi ya shavu la kulia kuna "sisti" ndogo. Mjomba aliniomba nimsomee mara tatu. "Kwa hiyo viko viwili. Vinazaana." Nikatafuta mtandaoni mpaka saa nane usiku, na mtandao, kama kawaida yake, ukanipa kila kitu kwa mpigo.

Asubuhi daktari alitabasamu. Akatuonyesha: kilima kidogo cha mviringo kwenye sakafu ya chumba cha shavu, juu yake hewa nyeusi tele, na kuta za mfupa zimenyooka kama zilivyoumbwa. Ni tezi moja ya ute iliyoziba ikavimba. Watu wengi wanatembea nayo bila kujua, huonekana kwa bahati mtu anapopimwa kwa sababu nyingine, na kwa kawaida haihitaji kitu. "Usiangalie jina," alisema. "Tazama mfupa. Huyu hasukumi mtu. Yule anasukuma."

Lakini kuhusu yule anayesukuma, alikuwa na wasiwasi mmoja, naye alitutazama sote wawili alipousema. Mlango wa sainasi hauzibi bila sababu. Unaweza kuzibwa na kuvimba kwa muda mrefu, na upasuaji wa zamani, na mfupa uliovunjika, au na uvimbe mwingine mdogo ulioota palepale mlangoni. "Mstari huu unaniambia ulivunjika. Lakini mgonjwa ananiambia hakuumia. Kwa hiyo lazima nihakikishe hakuna kitu kingine." Tena ukuta wa nyuma, unaotenganisha chumba na ubongo, ulionekana kama una tundu. Akaandika MRI yenye dawa ya kudungwa kwenye mshipa.

Bima ya mjomba haikugharamia. Kwenye kundi la ukoo la simu mchango ulifika nusu. Nusu iliyobaki mimi nilikuwa na sehemu yake, na sehemu nyingine mjomba alisema ataipata. Baada ya siku nne akanitumia. Nilijua baadaye kutoka kwa kijana wake wa kibandani kwamba ameuza ile ovaloku.

Ningeweza kusema neno moja kwa daktari kabla ya hapo. Nilijiambia si siri yangu, ni ya mjomba. Hiyo ilikuwa kweli kwa kiasi cha kunipa usingizi.

MRI ilichukua muda mrefu na kelele zake zilisikika mpaka nje. Mashine hiyo haitumii eksirei kabisa. Inatumia sumaku, na hasa inasikiliza maji yaliyomo mwilini. Siku ya majibu daktari alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Ute wenye maji mengi hung'aa kwenye baadhi ya picha za MRI. Ukikaa miaka, maji yakapungua, unabadilika rangi. Ukikauka sana unaweza kuwa mweusi kabisa, mweusi kama hewa. "Mtu akiwa na MRI peke yake anaweza kusema chumba hiki ni kitupu, kisafi," alisema. "Kumbe kimejaa mpaka mlangoni. Ndiyo maana naziweka pamoja na CT."

Cha mjomba hakikuwa kimefika huko, ila kilikuwa njiani. Katikati kulikuwa kimya, dawa haikuingia. Pembeni tu ukingo mwembamba uliwaka, ngozi ya ule mfuko. Uvimbe halisi ungewaka ndani. Mlangoni hapakuwa na kitu kilichoota. Mfupa wa nyuma ulikuwa umetoboka kweli, lakini utando wa ubongo ulikuwa mzima.

Mjomba alipotoka kwenda dirisha la malipo nilibaki. Nikamwambia daktari: 2009, baiskeli, kalvati, nyuzi saba. Akaandika mwaka, akapigia mstari.

"Kwa hiyo picha haikudanganya," alisema.

"MRI ingehitajika?"

Alifikiri kidogo. "Ningeiomba hata hivyo. Kwa sababu ya ukuta wa nyuma." Sijui kama alinihurumia. Nimeamua kutomuuliza tena, na huo nao najua ni ukimya mwingine.

*

Usiku wa kuamkia kulazwa mjomba alikuwa chumbani kwangu Tabata, amekaa chini ya taa, anapinda kwa mkono pazia langu ambalo lilikuwa linaburura sakafuni. Jicho la kushoto amelifumba.

Mimi na yeye tunaitana mjomba, kila mmoja kwa mwenzake, kama ilivyo kwa wengi.

"Mjomba," nikasema.

"Mjomba."

"Kwa nini ulimwambia daktari hukuanguka?"

Alivuta uzi mpaka mwisho. "Tangu mwaka ule nasema hivyo. Dada nilimwambia nimeanguka wakati wa kurudi, baiskeli tupu. Unamjua mama yako. Safari iliyoanza na damu haendi mtu. Angekufuata Korogwe siku ileile akurudishe, akasubiri mpaka nuksi iishe, na nafasi ingeenda kwa mwingine." Akachoma sindano. "Sasa baada ya miaka yote nimwambie daktari, nawe umekaa palepale? Ningesemaje?"

"Mimi ndiye niliyesema achia."

"Breki zilikuwa mkononi mwangu."

Akaendelea kupinda pazia. Ningependa kuandika kwamba maneno hayo yalinitua mzigo. Yalinionyesha tu kwamba tulikuwa wawili tulioubeba, kila mmoja akidhani anamfichia mwenzake.

Nilimwambia kwamba daktari anajua. Alinyamaza mpaka akafika mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno. "Basi vizuri," akasema. "Kesho asije akashangaa."

Upasuaji ulifanyika kupitia puani, kwa kamera nyembamba, bila kumchana uso. Daktari alikuwa amemweleza kwamba hawatakitoa kifuko chote. Kukingoa kwenye mfupa ulio kama ganda la yai, jirani na ubongo, ni kutafuta balaa. Wangefungua mlango upya, upana wa kutosha, ute ushuke, na ile ngozi irudie kazi yake ya zamani. Mjomba alielewa kuliko mimi. "Hawakati nguo," alinifafanulia. "Wanafumua mdomo wa mfuko." Ute uliotoka, aliambiwa, ulikuwa mzito kama gundi, rangi ya chai ya maziwa. Jicho lilianza kupanda wiki ileile. Halijarudi lote, lakini matundu ya sindano yamekuwa moja.

Mwaka uliofuata alipigwa skani nyingine ya uangalizi. Niliomba nione. Paji la kushoto lilikuwa jeusi tii. Hewa, hasi 1000. Daktari akafungua dirisha la mfupa, na ule mstari ulikuwa palepale, upande mmoja umevutwa. Huo hautaondoka. Mama alikuwa amekuja nasi safari hiyo, na ni mbele ya ile kompyuta ndipo nilipomweleza. Alisonya, akamtazama mdogo wake, akasema, "Na ndoo je, ilipatikana?"

Mwezi wa sita nilipanda Soni. Ovaloku haijarudi bado. Nalipa kidogokidogo kwa fundi aliyeinunua, na amekubali kuiuza kwa bei ileile. Kibandani mjomba alikuwa anakata mifuko ya mashati ya shule, Januari haikuwa mbali kwake, fundi huhesabu mapema. Nikaona anachokatia. Patroni yake ya zamani ilikuwa boksi la kadibodi, lililochakaa kingo. Hii mpya ilikuwa nyeusi, ngumu, inang'aa. Aliinyanyua ili nione, na mwanga wa mlangoni ukapita: kipande cha ile eksirei ya kwanza, paji la uso na duara la jicho, vimekatwa kwa umbo la mfuko.

"Haichakai," alisema, akailaza juu ya kitambaa cheupe, akaizungushia chaki.